Chuma na Susi: Urafiki Uliozaliwa na Uamuzi wa Ghafla

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani. Nilifikiri kwanza niandike juu ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta yetu mpaka ikaangamia Julai 1915. Lakini habari hiyo kila mtoto wa Rufiji ameisikia kwa babu yake, na mimi sina la kumzidi babu. Nimechagua basi habari nyingine, ya watu wawili ambao majina yao tuliyasoma darasani lakini hatukupewa nafasi ya kuwajua. Watu hao ni Chuma na Susi.

Katika vitabu vingi majina hayo hutajwa kwa pamoja, katika mstari mmoja, na kupewa sifa moja: watumishi waaminifu wa Dkt. David Livingstone. Mstari ukiisha, na wao wamekwisha. Mtihani ulipouliza nani alimkuta Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871, jibu lililopata alama lilikuwa ni Stanley. Hakuna aliyetuuliza nani alitoka mbio kumlaki Stanley barabarani na kumwamkia kwa Kiingereza katikati ya umati wa watu. Mtu huyo alikuwa Susi, na kwa mujibu wa maandishi ya Stanley mwenyewe, wa pili alikuwa Chuma.

Nia yangu ni kuonyesha kwamba watu hawa walikuwa zaidi ya watumishi, na kwamba urafiki wao, uliodumu mpaka kifo kikawatenga, ulitokana na uamuzi uliofanywa mara moja, bila mpango, na watu ambao hawakujua wanaanzisha nini. Wanafunzi mliopo sasa mtaona pia kwamba habari hii si ya mbali. Mmoja wa watu hao alifika Behobeho, katika bonde hili hili la Rufiji, mwaka 1879, na huko akashuhudia uamuzi mwingine wa namna hiyo.

Kijijini kwa Mbame, 1861

Katikati ya mwaka 1861 msafara wa Wazungu ulikuwa ukipanda kutoka mto Shire kwenda kwenye nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Malawi. Walikuwamo Livingstone, Dkt. John Kirk, na Askofu Charles Mackenzie, kiongozi wa misheni mpya iliyoundwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza, yaani UMCA. Walikuwa wakitafuta mahali pa kujenga misheni. Hawakwenda vitani, wala hawakuwa na amri ya serikali yoyote ya kuingilia biashara ya mtu.

Tarehe 16 Julai walipumzika katika kijiji cha Mbame. Hapo wakapata habari kwamba msafara wa watumwa utapita kijijini muda si mrefu, kuelekea Tete kwa Wareno. Swali likazuka: je, tuwazuie?

Msidhani kwamba jibu lilikuwa rahisi. Kwa miaka mingi Livingstone alikuwa amekutana na misafara ya watumwa akaiacha ipite. Mizigo ya wenzake ilikuwa imehifadhiwa Tete, na wafanyabiashara wa huko wangeweza kuiteketeza kwa kulipiza kisasi. Aliye mgeni katika nchi ya watu hupima maneno yake. Lakini muda wa kupima haukuwapo. Dakika chache baadaye msafara ulitokea ukizunguka kilima, walinzi wakiwa na bunduki na kupiga tarumbeta kwa furaha, na nyuma yao safu ndefu ya wanaume, wanawake na watoto waliofungwa. Uamuzi ukatolewa palepale. Walinzi walipowaona Wazungu walikimbilia msituni.

Watu 84 walifunguliwa siku ile, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Kamba za wanawake na watoto zilikatwa kwa visu. Wanaume walikuwa na makongwa shingoni, miti mizito yenye panda iliyofungwa kwa chuma, na ilibidi msumeno utolewe katika mzigo wa askofu ili kuyakata moja baada ya jingine. Wanawake waliambiwa wapike, wale na watoto wao. Wakayachukua yale makongwa wakayafanya kuni. Mtoto mmoja mdogo aliwauliza wageni wale ni watu wa namna gani, maana wale wa kwanza waliwafunga na kuwanyima chakula, na hawa wanawafungua na kuwaambia wale.

Askofu mwenyewe hakuwapo wakati uamuzi ulipofanywa. Alikuwa amekwenda mtoni kuoga. Aliporudi alikuta jambo limekwisha kufanyika, akaliridhia.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi nimeishi kati ya mafaili. Najua jinsi uamuzi unavyopaswa kufanywa: barua, dokezo, kikao, muhtasari, saini. Sidharau utaratibu huo, maana bila ya utaratibu mnyonge hana pa kukata rufani. Hata hivyo nikisoma habari za Mbame hujiambia kwamba kama jambo lile lingengoja kikao, na mwenyekiti yuko mtoni anaoga, watu 84 wangefika Tete wakiwa na makongwa shingoni.

Miongoni mwa watoto waliofunguliwa siku ile alikuwamo kijana wa Kiyao mwenye umri wa miaka kama 11. Jina lake lilikuwa Chuma.

Yafaa niseme kweli yote. Uamuzi ule haukuleta raha tupu. Askofu aliwachukua waliofunguliwa akakaa nao Magomero, lakini muda si mrefu misheni ikajikuta imo katika vita vya wenyeji. Ikaja njaa, yakaja maradhi, na wengi kati ya waliookolewa walikufa. Askofu Mackenzie mwenyewe alifariki kwa homa tarehe 31 Januari 1862, na mwaka 1864 misheni ilihamia Zanzibar. Tendo jema halimkingi mtu na taabu. Lakini kutokana na tendo lile Chuma alikuwa hai na huru, na ndipo safari yake inapoanza.

Katika chombo kimoja

Mwaka 1863, huko Shupanga kando ya mto Zambezi, Livingstone aliajiri vijana kadhaa wa kufanya kazi katika vyombo vyake. Mmoja wao alikuwa Abdullah Susi, na mwenzake aliitwa Amoda. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilimwita Livingstone arudi kwao. Yeye alikuwa na meli ndogo ya mvuke, Lady Nyassa, iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa, na hakutaka iangukie mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Akaamua kuivusha Bahari ya Hindi aende kuiuza Bombay.

Waliondoka Zanzibar mwishoni mwa Aprili 1864. Ndani yake walikuwamo Livingstone na Wazungu wengine watatu, vijana saba wa Zambezi ambao hawakuwa wamewahi kuiona bahari, na watoto wawili wa Kiyao kutoka misheni, Chuma na mwenziwe Wikatani. Walikaa baharini siku 45. Anayeijua delta yetu, na aliyewahi kulala katika mashua akingoja maji kupwa na kujaa, ataelewa maana ya siku 45 katika chombo kidogo kilichoundwa kwa ajili ya maji ya ziwani. Watu wakitoka salama katika chombo cha namna hiyo, huwa wamekwisha kujuana.

Walipofika Bombay, Chuma na Wikatani waliwekwa shuleni, na Susi na Amoda wakapata kazi bandarini. Livingstone aliporudi kutoka Uingereza aliwachukua wote wanne. Mwezi Machi 1866 walishuka Mikindani, kusini mwa pwani yetu, wakaanza kuelekea bara. Tangu hapo, majina ya Chuma na Susi hayatengani tena katika maandishi ya safari ile.

Msafara ule ulianza na watu wapatao 60, lakini walipungua haraka. Wengine walikufa, wengine walifukuzwa, wengine walitoroka na kwenda Zanzibar kueneza uongo kwamba Livingstone ameuawa. Karibu na mwisho wa kusini wa Ziwa Nyasa, mwezi Septemba 1866, Wikatani alipata habari za ndugu zake akaamua kubaki. Hakuna wa kumlaumu, maana kila mtu ana haki ya kurudi kwao. Chuma naye alikuwa Myao, na nchi ile ilikuwa ya watu wa lugha yake. Yeye aliendelea na safari pamoja na Susi.

Wanaowaita watumishi waaminifu mara nyingi husahau mwaka 1868. Mwaka huo Livingstone alitaka kwenda Ziwa Bangweulu wakati watu wake wamechoka kabisa. Wengi walikataa, na Chuma na Susi wakawa miongoni mwa waliokataa. Walikaa mbali naye miezi kadhaa. Baadaye walirudi, naye akawapokea, akaandika katika daftari lake kwamba hata yeye ana makosa yake. Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko miaka yote ya utii. Mtumwa hana ruhusa ya kusema hapana. Hawa walisema hapana, wakaondoka, wakarudi kwa hiari yao. Baada ya hapo hatuwezi kusema walimfuata kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda.

Mzigo uliotoka Chitambo

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu katika Zambia ya leo, kijana Majwara alimwamsha Susi. Susi akamwita Chuma na wengine wachache. Wakaingia katika kibanda wakamkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Asubuhi watu wote walikusanyika. Wengi wao walikuwa wamejiunga na msafara miezi michache tu iliyopita. Waliwaambia Chuma na Susi kwamba wao ndio wazoefu wa safari, basi wawe viongozi, na watakalosema litafuatwa. Uamuzi ukatolewa kwamba maiti isizikwe pale, bali ipelekwe pwani ikabidhiwe kwa watu wake.

Tulifikirie neno hilo. Pwani ilikuwa mbali zaidi ya kilomita 1,500. Kupita na maiti katika nchi za watu kulikuwa ni kutafuta faini, na pengine vita. Hakuna aliyewatuma, wala aliyewaahidi malipo. Wangeweza kumzika chini ya mti na kurudi Zanzibar, na dunia nzima ingewashukuru.

Farijala, aliyewahi kufanya kazi kwa daktari Zanzibar, alitoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright akasoma sala ya mazishi na kuchonga jina na tarehe katika mti ule. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa muda wa majuma mawili, ukafungwa katika nguo, gamba la mti na turubai. Kisha wakaubeba. Walikuwamo wanawake pia, akiwamo Halima, mke wa Amoda, na Ntaoeka, mke wa Chuma. Ugonjwa uliwakalisha njiani kwa muda mrefu, na mahali pengine walilazimika kupigana.

Walipofika Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwezi Oktoba 1873, walimkuta Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza. Yeye aliona ni hatari kuendelea, akawashauri wamzike pale. Walikataa. Baadaye, huko Kasekera, wenyeji walikataa kabisa maiti isipite. Ndipo walipotumia akili. Walitengeneza mzigo wa bandia wenye umbo la maiti, wakautoa hadharani kana kwamba unarudishwa Unyanyembe kuzikwa. Waliouchukua waliutawanya porini usiku. Maiti yenyewe ikafungwa upya kama robota la kawaida la nguo, ikapita mbele ya macho ya watu bila ya yeyote kujua. Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Hapa nataka wasomaji wa Rufiji wasimame kidogo. Biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilikuwa imepigwa marufuku kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash Juni 1873. Kirk, yule yule aliyekuwa katika msafara wa 1861, ndiye aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar wakati huo. Lakini wafanyabiashara hawakuacha. Waliwapitisha watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, wakivuka mto wetu. Ofisa Mwingereza aitwaye Frederic Elton aliyesafiri katika njia hiyo alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 waliopita katika muda wa mwezi mmoja, kati ya Desemba 1873 na Januari 1874. Kwa hiyo katika majuma yale yale ambayo mtoto aliyekatiwa kamba kwa Mbame alikuwa akikaribia Bagamoyo, akiwa mtu mzima na kiongozi wa watu, watoto wengine walikuwa wakivushwa Rufiji wamefungwa. Kwao hakutokea mtu wa kuamua ghafla.

Uingereza na kurudi

Bagamoyo mzigo ulikabidhiwa kwa Waingereza. Wabebaji wakalipwa mishahara yao na kuachwa waende zao. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na maiti, na Livingstone akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Mwili ulitambuliwa kwa alama ya mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 iliyopita. Chuma na Susi hawakuwapo mazishini.

Walifika Uingereza baadaye mwaka huo huo, kwa gharama za James Young, rafiki wa Livingstone. Huko walikaa na Horace Waller, ambaye zamani alikuwa Magomero na alimjua Chuma tangu alipokuwa mtoto. Waller alikuwa akitayarisha daftari za mwisho za Livingstone zichapishwe. Chuma na Susi ndio waliomweleza majina ya mahali, watu, mimea na mambo yaliyotokea baada ya kalamu ya Livingstone kunyamaza. Sura ya mwisho ya kitabu kile, inayoeleza kifo na safari ya maiti, imetoka vinywani mwao. Kwa hiyo tukiwataja, tusiwataje kama wapagazi tu. Walikuwa wanahistoria pia, ingawa jina lililoandikwa katika jalada ni la mwingine.

Waliporudi Zanzibar kila mmoja alipata kazi yake. Chuma akawa kiongozi wa misafara wa UMCA, misheni ile ile iliyokuwa Mbame. Mwaka 1876 alimwongoza Askofu Edward Steere na kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Lindi kwenda bara, nao wakaanzisha kijiji cha Masasi. Susi alikwenda na Stanley katika mto Kongo mwaka 1879 akafanya kazi huko kwa miaka mitatu hivi.

Behobeho, 1879

Mwaka huo huo wa 1879 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilituma msafara kutafuta njia kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa. Kiongozi wake alikuwa Keith Johnston, mchoraji ramani maarufu, na msaidizi wake Joseph Thomson, Mskoti mwenye umri wa miaka 21 aliyekuwa ametoka chuo kikuu si muda mrefu. Mkuu wa wapagazi, aliyewachagua na kuwaongoza watu wapatao 150, alikuwa Chuma.

Waliondoka Dar es Salaam mwezi Mei, wakapita Uzaramo mpaka Behobeho, kaskazini ya mto Rufiji, katika eneo ambalo leo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Johnston aliugua tumbo la kuhara damu, akafa hapo tarehe 28 Juni 1879. Akazikwa chini ya mti.

Thomson alikuwa mgonjwa wa homa, kijana, na peke yake. Desturi ingemruhusu kurudi pwani na kungoja maagizo. Badala yake aliamua palepale kwenda mbele. Lakini nawaomba mjiulize: kijana wa miaka 21 angeamua hivyo kwa ujasiri gani, kama mkuu wa msafara hangekuwa mtu aliyekwisha kuliona jambo hilo, mzungu kufa njiani na safari kuendelea? Thomson alimsifu sana Chuma katika kitabu chake: kwa uwezo wake wa lugha nyingi, ucheshi wake, na jinsi alivyowatuliza watu. Walikwenda mpaka Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakarudi pwani mwaka 1880 bila ya kupigana vita na mtu. Mwaka 1881 Sultani Barghash alipomtuma Thomson kutafuta makaa ya mawe bonde la Ruvuma, Chuma alikuwa naye tena.

Jina la Thomson mnalo mpaka leo: yule swala mdogo wa Serengeti tumwitaye swala tomi ameitwa kwa jina lake. Chuma hana mnyama wala mlima. Alifariki Zanzibar mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka kama 32 tu. Susi, aliyekuwa Mwislamu, alibatizwa Zanzibar mwaka 1886 katika misheni ile aliyoitumikia rafiki yake, akachukua jina la David. Alifariki mwaka 1891.

Tunajifunza nini

Kwanza, urafiki hauanzi na hotuba. Aliyekata kamba ya Chuma hakumwambia kuwa watakuwa marafiki mpaka kufa. Susi alipopanda Lady Nyassa hakujua kwamba yule mtoto wa Kiyao aliye kando yake ndiye atakayesimama naye Chitambo usiku ule. Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa dakika moja. Baadaye ilibidi uamuliwe tena na tena: Nyasa 1866, walipoweza kubaki; 1868, walipoweza kutorudi; Unyanyembe 1873, walipoweza kuutua mzigo. Hivi ndivyo kitu cha ghafla kinavyogeuka kuwa cha maisha.

Niliyaelewa haya kwa mfano mdogo wa hapa hapa Umwe. Nilikuwa kidato cha tatu wakati wa mvua za El Nino. Mnakumbuka, ninyi wa rika langu, jinsi bonde lote lilivyokuwa maji Desemba 1997. Shule ilipofungwa, mwenzangu mmoja wa darasa, ambaye kwao ni delta, hakuwa na njia ya kufika nyumbani. Hatukuwa marafiki, tulikuwa tukisalimiana tu. Lori la kwenda Kibiti lilikuwa limewashwa, utingo anapiga bodi, nami nikamwambia, "Panda, twende kwetu." Sikumwuliza mama, wala sikujua tutalala wapi. Mama alipotuona wawili alicheka, akaongeza maji katika unga. Leo miaka zaidi ya 25 imepita. Yeye ndiye aliyekuwa nami nilipomzika baba, na watoto wangu humwita baba mkubwa. Neno moja lililosemwa lori likinguruma limetuletea yote hayo. Lakini kama mwaka uliofuata nisingekwenda naye kwao, na mwaka uliofuata yeye asingekuja kwetu, lingebaki kuwa msaada wa likizo moja.

Pili, wanafunzi wa sasa, msikubali historia inayompa mtu mstari mmoja. Mkiona jina limetajwa na kuachwa, ulizeni alitoka wapi, alikataa nini, alirudi kwa nini. Katika vijiji vyetu wapo wazee wanaokumbuka mafuriko ya 1968 na jinsi watu walivyohama kutoka bondeni kuja kwenye vijiji vya ujamaa huku juu. Kila familia iliyohama iliacha jirani na kupata jirani mpya. Nani alimkaribisha nani siku ile ya kwanza? Nani aligawa chakula na mtu asiyemjua? Hayo hayamo katika faili lolote, nami nasema hivyo kama mtu wa mafaili. Andikeni wazee wakiwa hai. Walimu wa historia wakiwaongoza, toleo lijalo la jarida hili linaweza kuwa na kurasa zenu.

Tatu ni kwetu sisi wa zamani. Siku hizi kutoka Umwe kwenda kusini si safari tena ya kungoja pantoni ya Ndundu. Tangu 2003 tunavuka mto kwa Daraja la Mkapa, lililopewa jina la mwana wa Masasi, na barabara hiyo hiyo huendelea hadi Lindi na Masasi, mji ambao Chuma alisaidia kuuanzisha kwa miguu. Kwa njia rahisi namna hii, si vizuri kuonana katika mikutano ya miaka na misiba peke yake. Wapo wenzetu tuliolala nao bweni moja, na leo hatujui kama wanaumwa au wamestaafu. Katika mkutano wa mwaka huu, kila mmoja amtafute mwenzake mmoja ambaye hajaonana naye tangu kidato cha nne, na kabla ya magari kuwashwa, aamue kumtembelea kwake. Msingoje kikao kiamue. Mwenyekiti huenda amekwenda kuoga.